Kupima mikondo iliyo chini ya uso wa Jua kwa mawimbi ya sauti: mwongozo kamili kwa mwenye kompyuta moja Mwanza

Kazi iliyo mbele yako ni kuchukua picha zinazoonyesha kasi ya kila sehemu ya uso wa Jua, zilizopigwa kwa saa 8 mfululizo, kuzikata, kuzinyoosha, kuzichambua kwa mgeuzo wa Fourier (hesabu inayotenganisha mawimbi kwa urefu na masafa yake), na mwisho kutoa namba mbili. Ya kwanza ni mita ngapi kwa sekunde utegili, yaani plazma (gesi ya moto yenye chaji), unakwenda upande wa magharibi ndani ya kilomita elfu chache chini ya uso. Ya pili ni mita ngapi unakwenda kaskazini. Huhitaji darubini. Huhitaji hata kulitazama Jua, na usilitazame. Unahitaji kompyuta mpakato, bando la GB chache, na subira ya siku tatu au nne.

Anayeharakisha hupata namba, lakini namba isiyo na maana. Mkondo unaoutafuta ni mdogo sana ukilinganisha na mizunguko na mitikisiko mingine iliyochanganyika nao, na karibu kila kosa la kawaida hujifanya mkondo. Ndiyo maana nusu ya mwongozo huu ni majaribio ya kuhakiki. Usiyaruke.

Anza ziwani

Uso wa Jua hupanda na kushuka kila baada ya dakika tano hivi. Robert Leighton, Robert Noyes na George Simon waliugundua mtetemo huo mwaka 1960 huko Mount Wilson, California. Miaka kumi baadaye Roger Ulrich, kisha Leibacher na Stein, walieleza kuwa ni mawimbi ya sauti yaliyonaswa ndani ya Jua. Yakipanda hugonga uso na kurudishwa. Yakishuka hukuta joto linaongezeka, kasi ya sauti inapanda, njia yao inapinda mpaka yanageuka na kurudi juu. Kasi hiyo ni kama km 7 hadi 8 kwa sekunde karibu na uso na hufika takriban km 500 kwa sekunde kwenye kiini.

Pamoja na mawimbi hayo ya sauti, ambayo huitwa p, kuna wimbi jingine la uso liitwalo f. Hilo si sauti hasa. Ni wimbi lilelile unaloliona Ziwa Victoria, likitawaliwa na mvutano tu: mraba wa masafa ya mzunguko ni sawa na g, yaani mchapuko wa mvutano, mara namba ya wimbi. Kwa maandishi, ω² = gk, ambapo ω ni 2π mara masafa (idadi ya mawimbi yanayopita kwa sekunde), na k ni 2π ukigawanya kwa urefu wa wimbi. Ziwani g ni 9.81. Kwenye uso wa Jua g ni 274. Tofauti ni hiyo tu.

Kwa hiyo siku ya kwanza nenda kwenye gati lenye maji ya kina, wakati upepo wa wastani unavuma. Usiingie majini pembezoni. Kichocho bado kipo, na isitoshe maji ya kina kifupi hupunguza kasi ya mawimbi na kuharibu hesabu. Kina kinatakiwa kizidi nusu ya urefu wa wimbi. Kwa saa ya simu, pima muda wa migongo 21 kupita kwenye nguzo moja, kisha gawanya kwa 20. Ukipata sekunde 2, urefu wa wimbi unatakiwa uwe karibu mita 6.2. Ukipata 2.5, karibu mita 9.8. Ukipata 3, mita 14. Hakiki kwa kupiga picha mawimbi kando ya mtumbwi ambao urefu wake umeupima.

Sasa panda boti. Tuseme mawimbi ni ya sekunde 2.5 na boti inakwenda mita 2 kwa sekunde. Ukiyakabili, yatakupiga kila baada ya sekunde 1.65. Ukigeuka na kuyafuata, yatakupita kila baada ya sekunde 5.1. Mawimbi hayajabadilika, wewe ndiye uliyesogea. Masafa yamehama kwa kiasi cha kasi ukigawanya kwa urefu wa wimbi, nacho ni 2 kwa 9.76, yaani 0.205 kwa sekunde, kuongeza kwa upande mmoja na kupunguza kwa upande mwingine. Maji yenyewe yakisogea huku wewe umesimama, matokeo ni yaleyale. Hapo ndipo ilipo siri yote: mkondo hauonekani, lakini mawimbi yanayokwenda nao na yanayokwenda kinyume chake hayalingani masafa, na tofauti hiyo hupimika. Mtu aliyekwishahesabu mapigo hayo kwenye boti ya kuvuka Kamanga hatapotea huko mbele.

Vifaa na maandalizi

Kompyuta yenye RAM ya GB 8 inatosha, na nafasi ya GB 20 kwenye diski. Sakinisha Python pamoja na vifurushi numpy, scipy, astropy, sunpy na matplotlib. UPS ndogo au betri nzuri ni lazima, maana umeme ukikatika katikati ya upakuaji wa faili 640 utabaki na faili nusu ambazo zinaonekana nzima kwa jina lakini ndani hazina kitu. Kila baada ya upakuaji pitia faili zote, fungua kila moja na uhakikishe ina data. Usitegemee orodha ya majina.

Data inatoka kwenye kifaa HMI kilichomo ndani ya chombo cha angani SDO, kilichorushwa na Marekani tarehe 11 Februari 2010. HMI hupima mstari wa chuma ulio kwenye mwanga wa Jua, wenye urefu wa wimbi wa angstromu 6173, na hutoa picha nzima ya kasi ya uso wa Jua kila baada ya sekunde 45, pikseli 4096 kwa 4096, kila pikseli ikiwa takriban nusu sekunde ya tao (sekunde ya tao ni sehemu ya 3,600 ya nyuzi moja), yaani karibu km 360 katikati ya Jua. Hifadhi iko JSOC, kituo cha data cha Stanford, na mfululizo unaoutaka unaitwa hmi.v_45s. Ni bure. Unatakiwa kuandikisha anwani yako ya barua pepe tu.

Upo pia mtandao wa GONG, vituo sita kuzunguka dunia, uliofanya kazi tangu 1995. Picha zake ni za kila dakika moja na zina pikseli chache, hivyo hula bando kidogo. Kwa kuanzia, hata hivyo, chukua HMI. Picha zake hazipitii hewani, na utasumbuka na matatizo machache zaidi.

Kuchagua siku na kipande

Epuka vipindi viwili vya mwaka, kuanzia Februari hadi Machi na kuanzia Agosti hadi Septemba. Katika wiki hizo dunia hukinga SDO isilione Jua kila siku, kwa muda unaoweza kufika dakika 72. Pengo la namna hiyo hutoa milia ya uongo kwenye spektra, yaani mchoro wa nguvu kwa kila masafa. Miezi mizuri kuliko yote ni Juni na Desemba. Karibu na tarehe 6 Juni na 7 Desemba, mhimili wa Jua hauinami kuelekea kwetu wala mbali nasi, hivyo kaskazini na kusini vinaonekana sawa. Nyakati nyingine mwinamo huo hufika nyuzi 7.25.

Tafuta siku ambayo katikati ya Jua hakuna madoa. Tovuti ya Helioviewer itakuonyesha picha za siku yoyote. Madoa hunyonya nguvu za mawimbi, na yakiwa ndani ya kipande chako mkondo utakaoupima ni mchanganyiko wa mambo mawili usioweza kuyatenganisha. Chukua kipande cha nyuzi 15 hivi, katikati kabisa. Kwenye Jua nyuzi moja ni km 12,150, kwa hiyo kipande chako kina upana wa karibu km 187,000. Ni kikubwa, ndiyo, lakini wimbi moja tu la f ambalo tutalitumia lina urefu wa km 4,370, kupita umbali wa kutoka Mwanza hadi Cairo. Kipande kikiwa kidogo mawimbi hayatoshei kuhesabika.

Muda, saa 8, yaani picha 640. Ukisogea pembeni zaidi ya nyuzi 60 kutoka katikati, picha zinabanana na kunatokea mkondo wa uongo unaoelekea katikati au pembeni. Baki katikati mpaka uwe na uzoefu.

Kupakua bila kumaliza bando

Picha nzima ya 4096 kwa 4096 ni MB 64 kabla ya kubanwa. Mara 640, ni zaidi ya GB 40. Usifanye hivyo. JSOC hukukatia kipande kabla ya kutuma. Kwenye sunpy tumia a.jsoc.Cutout, weka pembe mbili za kipande kutoka −150 hadi +150 sekunde za tao kwa pande zote mbili, na washa tracking=True ili dirisha lifuate mzunguko wa Jua. Kila picha itakuwa na pikseli kama 600 kwa 600, na jumla yote chini ya GB 1 hata kabla ya kubanwa. Muda wa rejea uwe katikati ya zile saa 8, ili kipande kipite meridiani ya kati (mstari wa kaskazini hadi kusini katikati ya Jua) katikati ya muda wako.

Angalia saa. Data hutumia saa ya dunia, na saa sita ya usiku huko, 00:00, ni saa 9 usiku kwetu. Pia muda unaoandikwa kwenye faili za HMI ni wa TAI, saa ya atomiki, ambao tangu 2017 uko mbele ya UTC, ile saa ya dunia, kwa sekunde 37. Kwa mkondo haileti shida, lakini ukichanganya faili za vyanzo viwili utashangaa kwa nini picha hazipangani.

Soma pia neno QUALITY kwenye kichwa cha kila faili. Lisipokuwa sifuri, picha hiyo ina kasoro. Iondoe, na mahali pake acha tupu mpaka hatua ya usafishaji.

Kunyoosha picha

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Jua ni tufe na picha ni bapa. Dirisha ulilopakua linafuata mzunguko kwa kurukia pikseli nzima, si kwa ulaini. Unatakiwa ujenge gridi yako mwenyewe ambayo imetulia juu ya Jua. Njia rahisi ni kuweka gridi katika longitudo na latitudo za Carrington ambazo hazibadiliki kabisa, kisha kwa kila picha kuuliza: leo, kwa saa hii, nukta hii iko kwenye pikseli gani? Kwa kuwa longitudo za Carrington zinazunguka na Jua, ufuatiliaji unajifanya wenyewe.

Gridi iwe 256 kwa 256, kila hatua nyuzi 0.06, katika makadirio ya Postel ambayo yanahifadhi umbali kutoka katikati. Kwa kila nukta yenye longitudo L na latitudo B, mahali pake kwenye anga kwa sekunde za tao ni

x = R cos B sin(L − L0)
y = R [sin B cos B0 − cos B sin B0 cos(L − L0)]

R ni RSUN_OBS, L0 ni CRLN_OBS, B0 ni CRLT_OBS. Zote zimo kwenye kichwa cha faili na zote hubadilika kutoka picha moja hadi nyingine. Soma upya kila mara. Kisha geuza x na y kuwa pikseli kwa kutumia CDELT1, CRPIX1 na CRPIX2, na uzungushe kwa CROTA2. Thamani ya CROTA2 kwenye picha za HMI iko karibu na nyuzi 180, yaani picha zimepinduliwa: kaskazini iko chini na mashariki iko kulia. Ukisahau hili kila kitu kitakwenda sawasawa mpaka mwisho, matuta na pete utakazoziona huko mbele zitakuwa safi, na mkondo wako utaelekea upande usio wake. Mwisho tumia map_coordinates ya scipy.ndimage kwa daraja la 3. Daraja la 1 hulainisha picha kupita kiasi na kuua mawimbi mafupi.

Bila ufuatiliaji huu, mzunguko wa Jua ungekuletea mkondo wa uongo wa karibu mita 1,860 kwa sekunde. Mkondo unaoutafuta ni makumi ya mita. Kosa la asilimia moja kwenye ufuatiliaji ni karibu mita 19 kwa sekunde, sawa na mkondo mzima wa kwenda kwenye ncha za Jua.

Kusafisha

Toa kasi ya chombo, ambayo ni OBS_VR. SDO huzunguka dunia, hivyo kasi yake kuelekea Jua hupanda na kushuka kwa kilomita kadhaa kwa sekunde kila siku. Kisha kwa kila picha linganisha uso wa daraja la pili, yaani mteremko na mpindo, na uutoe. Hapo mabaki ya mzunguko yanaondoka. Kisha kwa kila pikseli toa wastani wake wa saa zote 8. Sasa tu ndipo ujaze sifuri kwenye nafasi za picha zilizoondolewa. Ukijaza sifuri kabla ya kutoa wastani, kila pengo litakuwa shimo la uongo kwenye data. Mapengo yakizidi asilimia 20, tafuta siku nyingine.

Fifisha kingo. Zidisha kila picha kwa duara ambalo ni 1 mpaka asilimia 90 ya nusu ya upana wa kipande, kisha linateremka taratibu kwa umbo la kosaini hadi 0. Fanya hivyo kwa muda pia, asilimia 5 mwanzoni na asilimia 5 mwishoni. Kingo kali hutoa misalaba mirefu katikati ya pete zako.

Mgeuzo wa Fourier

Panga mchemraba wa data kwa mpangilio y, x, muda, na muda uwe wa mwisho, kwa namba za float32. Ukubwa wake ni MB 168. Tumia scipy.fft.rfftn, ambayo hubaki kwenye usahihi uleule na haitajaza RAM. Siku utakapopanda hadi gridi ya 384 na saa 28.8 mchemraba utakuwa GB 1.36, na huko usahihi maradufu ungekwamisha kompyuta yako. Chukua mraba wa ukubwa wa kila namba. Hiyo ndiyo nguvu.

Ipo alama ya kujifunza kwa moyo. Kwa kanuni ya hesabu hiyo, wimbi linaloelekea upande chanya wa x hutokea kwenye k hasi ukiwa umebakiza masafa chanya. Kwa hiyo geuza alama za kx na ky kabla ya kufanya lolote. Hakiki kwa kutengeneza wimbi la bandia, cos(kx − ωt), lipitishe kwenye programu ileile, na uangalie kilele kimetokea kulia. Dakika tano hizo zitakuokolea wiki.

Mambo ya vipimo: kwa saa 8 hatua ya masafa ni maikrohezi 34.7. Hatua ya k, ukiizidisha kwa nusu-kipenyo cha Jua cha km 696,000, ni namba iitwayo digrii l, ipatayo 23.4. Tutaongea kwa l kuanzia hapa.

Tazama matuta kabla ya pete

Chukua wastani wa nguvu kwa pembe zote na uchore l kwa mlalo, masafa kwa wima. Ukiona mistari inayopinda kama matuta ya viazi yaliyopandwa kando ya mlima, umefanikiwa. Tuta la chini kabisa ni f, juu yake p1, p2, na kuendelea. Mwaka 1975 Franz-Ludwig Deubner ndiye aliyeyaona matuta haya kwanza na kuthibitisha kwamba mawimbi yamenaswa.

Sasa jaribio la kwanza la kweli. Kwa ω² = gk, tuta la f linatakiwa lipite kwenye 2.45 mHz (milihezi, yaani sehemu ya elfu ya hezi) pale l ni 600, 2.82 pale l ni 800, 3.16 pale l ni 1000, na 3.46 pale l ni 1200. Lako litakuwa chini kidogo tu, hasa l inapozidi 1000. Likiwa mbali, kipimo chako cha nyuzi kwa pikseli kimekosewa au umesahau 2π mahali. Usiendelee mpaka lilingane.

Nguvu nyingi iliyo chini ya 1.5 mHz ni ya chembechembe za uso zinazochemka. Iache. Juu ya 5.3 mHz hivi mawimbi hayanaswi tena, yanatoroka.

Kata sasa mchemraba kwa mlalo kwenye 3.16 mHz. Utaona pete moja ndani ya nyingine. Ya nje kabisa ni f, za ndani ni p1, p2, p3. Frank Hill ndiye aliyeileta mbinu hii mwaka 1988. Mkondo huzisogeza pete pembeni kidogo. Kidogo kiasi gani? Mita 50 kwa sekunde pale l ni 1000 huhamisha masafa kwa maikrohezi 11.4, theluthi ya hatua moja. Kwa macho huoni kitu. Inawezekana kupima kwa sababu pete hiyo moja ina zaidi ya nukta 260 kuizunguka, na zote zinatoa ushahidi kwa pamoja.

Kulinganisha modeli

Kwa tuta la f, chukua nukta zote ambazo l yake iko kati ya 950 na 1050 na masafa kati ya 2.9 na 3.4 mHz. Modeli ya nguvu ni mchongo wa Lorentz (kilele chenye mabega yanayoteremka taratibu) wenye upana Γ, uliokaa juu ya usuli, na kitovu chake ni

ν = ν1 (k/k1)^γ + (kx Ux + ky Uy) / 2π

Hapa ν ni masafa, ν1 ni masafa ya tuta pale k ni k1 uliyoichagua, Ux ni mkondo wa kwenda magharibi na Uy wa kwenda kaskazini. Ukiachia γ iwe huru itatua karibu na 0.5. Sehemu hiyo ya kwanza ndiyo inayosahaulika. Kati ya hatua moja ya k na inayofuata, tuta lenyewe linapanda kwa maikrohezi 37 hivi, mara tatu ya mhamo unaoutafuta. Ukizitia nukta zote za pete kwenye kapu moja kana kwamba zina k moja, umbo la mraba la gridi litakutengenezea mkondo ambao haupo.

Usitumie njia ya miraba midogo kabisa (least squares). Nguvu ya kila nukta haitawanyiki kwa kengele ya kawaida. Hutawanyika kwa namna ambayo nukta chache huruka juu sana, na njia hiyo huvutwa na nukta hizo. Badala yake punguza jumla ya ln M + P/M, ambapo M ni modeli na P ni nguvu iliyopimwa. Nelder-Mead, mbinu ya kutafuta thamani ndogo zaidi iliyomo scipy.optimize, inatosha kwa vigezo saba, ila vipimie upya vyote viwe karibu na 1 kwanza, la sivyo itazunguka bila kufika. Anza na Ux na Uy sifuri.

Rudia kwa l nyingine, na kwa matuta ya p1 na p2.

Majaribio mawili kabla ya kuiamini namba

La kwanza: rudia kunyoosha, lakini safari hii sogeza longitudo za gridi kwenda magharibi kwa nyuzi 0.711 za ziada kwa siku. Hiyo ni mita 100 kwa sekunde. Kwa saa 8 ni pikseli nne tu za gridi yako. Ux inatakiwa ishuke kwa 100, na Uy ibaki ilipokuwa. Ikipanda, alama imegeuka. Ikishuka kwa 60, programu yako inapoteza mkondo, mara nyingi kwa sababu ya usuli uliolinganishwa vibaya au γ iliyofungwa.

La pili: zungusha mchemraba nyuzi 90 kabla ya Fourier. Ux na Uy zibadilishane nafasi, moja ikigeuka alama. Zisipofanya hivyo, kuna mwelekeo wa uongo ndani ya programu yenyewe.

Ukishafaulu yote mawili, tarajia nini? Kwenye ikweta, ukifuatilia kwa mwendo wa Carrington, Ux huwa chanya, makumi machache ya mita kwa sekunde, na huongezeka kadiri unavyoshuka chini. Tabaka la juu la Jua linazunguka polepole kuliko lililo chini yake, mpaka kina cha karibu km 35,000. Uy katikati iwe karibu na sifuri. Namba moja ya siku moja itayumba. Ndani ya kipande chako mna seli kubwa za mchemko zenye upana wa km 30,000 na mikondo ya mita 300 hadi 400 kwa sekunde, na saa 8 hazitoshi kuzisawazisha. Rudia kwa siku tano na uchukue wastani. Tofauti kati ya siku ndiyo kosa lako halisi, usilipunguze kwa karatasi.

Kina

Kila wimbi hushuka mpaka pale kasi ya sauti inapolingana na ω/k. Wimbi refu lenye masafa makubwa hushuka zaidi. Wimbi la f haligeuki kwa sauti. Linafifia kwa kina cha 1/k, ambacho kwa l ya 1000 ni km 700 hivi, kwa hiyo linazungumzia ngozi ya juu tu. Kwa kuanzia panga matokeo yako kwa ω/k, kutoka dogo hadi kubwa, na utaona Ux ikipanda. Kipande cha nyuzi 15 hukufikisha karibu km 15,000 hadi 20,000. Cha nyuzi 30 huenda chini zaidi, ila hukupa picha pana isiyo na undani.

Kugeuza orodha hiyo kuwa mkondo kwa kila kina ni hesabu ya kurudi nyuma. Kila kipimo ni wastani wa mkondo uliopimwa kwa uzito fulani wa kina, na uzito huo unatokana na modeli ya Jua. Iliyozoeleka ni Modeli S ya Christensen-Dalsgaard na wenzake ya mwaka 1996. Unapunguza tofauti na data huku ukiadhibu mikunjo mikali kwa kigezo λ. Ikiwa λ ndogo mno, mkondo wako utapinda juu na chini kama nyoka. Ikiwa kubwa mno, utakuwa mstari ulionyooka unaofanana na matarajio yako, na hiyo ni mbaya zaidi kwa sababu inapendeza.

Kutoka kipande kimoja hadi mkondo wa ncha

Ukishapata kipande cha katikati, panga vipande saba kwenye meridiani ya kati, kwenye latitudo −45, −30, −15, 0, 15, 30 na 45. Kwa kila kimoja toa Uy. Utegili unapaswa kwenda kaskazini kwenye nusu ya kaskazini na kusini kwenye nusu ya kusini, kwa mita 10 hadi 20 kwa sekunde. Ni mwendo wa km 36 hadi 72 kwa saa, juu ya tufe linalozunguka kwa karibu km 2 kwa sekunde. Utahitaji wiki kadhaa za data kuuona vizuri, na saa 24 au zaidi kwa kila kipande badala ya 8.

Tumia data za Juni na za Desemba, kisha za miezi ambayo mhimili umeinama. Pande zote mbili zikihama kwa kiasi kilekile kuelekea upande mmoja kadiri mwinamo unavyobadilika, hiyo ni B0 uliyoisoma vibaya au CROTA2 uliyoichukulia kuwa 180 kamili. Rudi kwenye hatua ya kunyoosha, chapisha thamani hizo mbili kwa picha zote, na anza upya kutoka hapo.